Daktari wa Ubongo Hashiki Kisu

Binti wa jirani yetu hapa Nyakato, Mwanza, amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Amewaambia wazazi wake anataka kuwa daktari wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, na akishabobea awe kiongozi wa kuwasemea wagonjwa hao. Tangu siku hiyo kila anayepita kibarazani kwao ana lake la kusema. Nimeyakusanya maneno hayo, maana mengi nimewahi kuyasikia kwenye daladala na pale mwaloni Kirumba.

"Atakuwa anapasua watu vichwa!"

Hapana. Anayepasua ni daktari wa upasuaji wa ubongo, na hiyo ni fani yake mwenyewe. Daktari wa neva, yaani wa ubongo na mishipa ya fahamu, ana kinyundo cha mpira cha kugongea goti, tochi, na masikio. Masikio ndiyo hasa. Ganzi ilianzia kidole gani? Alipoanguka, nani alikuwepo? Mwenye kifafa mara nyingi hakumbuki lolote, hivyo shahidi ni mama yake au mvuvi aliyekuwa naye mtumbwini. Vipimo hufuata baadaye: CT-Scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, au kipimo cha umeme wa ubongo, ambao Hans Berger wa Ujerumani aliurekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Wala huyu si daktari wa magonjwa ya akili, ingawa hapa mtaani wote tunawaita "wa kichwa".

"Miaka mitano tu, anarudi na gari."

Tuhesabu pamoja. Mitano ya shahada ya udaktari, kwenye chuo cha hospitali ya Bugando, pale mlimani, kwa mfano. Mmoja wa mafunzo ya vitendo. Kisha ubingwa wa magonjwa ya ndani au ya watoto, takriban mitatu. Hapo ndipo ubobezi wa neva unapoanza, na wengi wamelazimika kuufuata mbali: Shirikisho la Dunia la madaktari wa neva limeidhinisha vituo vya mafunzo Afrika katika miji ya Rabat, Cairo, Dakar na Cape Town. Gari lisubiri kidogo.

"Akishakuwa kiongozi, wagonjwa kawaacha. Ameingia siasa."

Hili ndilo lililonikera zaidi, na lilisemwa na mtu msomi.

Chukua mfano wa Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway aliyefika Mahenge, mkoani Morogoro, akaanzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta watu wenye kifafa wametengwa, wengine wana makovu ya kuangukia moto wa jikoni. Aliwapa dawa, naam. Lakini pia aliandika alichokiona, wakiwemo watoto waliokuwa wakitikisa vichwa bila kujizuia. Miaka mingi baadaye hali kama hiyo ilipoibuka kwa wingi Uganda na Sudan Kusini, maandishi yake yakawa ushahidi kwamba tatizo halikuwa jipya, na utafiti umelihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi weusi wa kwenye mito iendayo kasi. Sasa niambie, uandishi ule ulikuwa kuwaacha wagonjwa?

Au chukua mwezi Mei 2022, Geneva. Nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya neva hadi mwaka 2031. Kwa kifafa shabaha ni tatu: asilimia 90 ya wenye kifafa wajue kwamba wana ugonjwa wa ubongo unaotibika, asilimia 80 wapate dawa wanazozimudu, na asilimia 70 ya wanaotibiwa wadhibitiwe kifafa chao. Namba hizo hazikujileta. Madaktari pamoja na watu wenye kifafa wenyewe walizisukuma kwa miaka.

Huo ndio utetezi wa afya. Dawa ya fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912 na bei yake ni ndogo. Lakini ikikosekana kwenye dirisha la dawa huko visiwani Ukerewe, mgonjwa anaikatisha ghafla, na kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Hapo ubingwa wote wa daktari hausaidii kitu kama hakuna anayegonga milango ya ofisi kuuliza dawa imekwamia wapi.

"Usimguse, povu lake linaambukiza."

Haliambukizi. Kifafa hakitoki kwa mtu kwenda kwa mwingine kwa mate, jasho wala kwa kula sahani moja. Kati ya watu wapatao milioni 50 duniani wenye kifafa, hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Anayeanguka mlaze ubavu, ondoa vyenye ncha, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano, hospitali. Ameanguka majini? Mtoe kwanza kichwa juu ya maji, mengine baadaye.

"Kiharusi ni cha wazee. Kijana akipooza, ametupiwa."

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye selimundu nyingi nchini, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto mwenye aina kali ya selimundu asipokingwa, uwezekano wa kupata kiharusi kabla ya miaka 20 ni kama mmoja kati ya kumi. Hatari hiyo inaonekana mapema kwa kupima mwendo wa damu kichwani kwa mawimbi ya sauti, na Bugando wamefanya utafiti wa kutumia dawa ya haidroksiyurea kuwakinga watoto hao. Kwa watu wazima mchawi mkuu ni presha, na wengi wetu tunaacha vidonge siku tunayojisikia vizuri.

Kingine ni saa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Mgonjwa wa Sengerema zamani alimaliza sehemu ya saa hizo akisubiri kivuko cha Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limepunguza kungoja huko. Kwa macho ya daktari wa neva, daraja nalo ni habari ya afya.

Baba wa binti sasa ameacha kuuliza habari za kisu. Juzi aliniuliza huko Dakar wanazungumza lugha gani. Kifaransa na Kiwolofu, nikamwambia. Akaguna, akamwita binti yake aje asikie.