Tairi kuruka-ruka usukani ukikatwa hadi mwisho

Ukikata usukani hadi mwisho kwenye maegesho ya sakafu ngumu, gari hutetemeka na tairi za mbele huruka-ruka. Kwa miaka mingi jibu la gereji limekuwa moja: jointi za ekseli (viungo vinavyozungusha magurudumu hata yakiwa yamekunjwa) zimekufa, badilisha. Wengi wamelipia vipuri bure, na inasikitisha.

Mara nyingi chanzo ni jiometri. Kwenye kona gurudumu la ndani hupita duara dogo kuliko la nje, hivyo linatakiwa likunje zaidi. Kanuni hiyo ilibuniwa na Mjerumani Georg Lankensperger, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaiandikishia hataza Uingereza. Jina lililobaki ni la Ackermann. Magari mengi ya leo hayaifuati kikamilifu, maana wasanifu huangalia pia utulivu wa gari kwenye mwendo na nafasi chini ya boneti. Kwa hiyo usukani ukifika mwisho, tairi huviringika huku ikiburuzwa kando. Mpira unashika sakafu, unavutika, unaachia ghafla, unashika tena. Huo ndio mtetemo.

Tairi pana zenye ukuta mfupi huuzidisha. Baridi pia, kwa kuwa mpira hukakamaa. Wenye Mercedes-Benz GLC za usukani wa kulia, Uingereza na Australia, waliulalamikia hata kwenye magari mapya. Kwenye vumbi huusikii, tairi huteleza kirahisi.

Jointi iliyokufa hugonga ta-ta-ta kufuata mzunguko wa gurudumu, hasa ukikanyaga mafuta kwenye kona. Chungulia nyuma ya gurudumu: mara nyingi kifuniko chake cha mpira kimepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Hiyo ndiyo ya kubadilisha.