Tope la maji safi

Juzi barazani, kahawa ikizunguka, mzee mmoja jirani yangu alinitupia swali: "Fundi, miaka yote hiyo ulikuwa ukisafisha maji. Haya, ule uchafu mlikuwa mkiutia wapi?" Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza kidogo, maana mzee alikuwa amegusa donda. Vituo vingi vya zamani vya kusafisha maji ya mto vilijengwa bila jibu la swali hilo. Ukiikunjua ramani ya kimoja utaona matangi, vichujio, klorini na pampu, kisha pembeni mstari mwembamba wa bomba unaoteremka hadi mtoni. Hapo mchoro unakwisha.

Sisi wa Malindi tuna udhuru wa kutolijua jambo hili. Maji yetu mengi yanatoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya Sabaki, na mchanga wa bonde la mto umekwisha kuyachuja kabla pampu haijayagusa. Lamu nao wameishi kwa maji yanayojificha chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga ni mtumishi mwema: unachuja, na tope unabaki nalo hukohuko. Lakini teka maji ya mto wenyewe, uyaingize tangini, na kuanzia hapo tope lote ni mali yako. Mimi nilifanya kazi kwenye kituo cha namna hiyo, kikongwe, bara huko, na jina lake nalihifadhi.

Kanuni ya kazi ile niliijua kabla sijaenda shule. Bibi yangu alikuwa na kipande cha shabu amekifunga uzi. Namaanisha shabu ya jiwe, ile ya kinyozi, si hiyo nyingine inayoharibu vijana. Maji ya mvua yakiingia udongo, alikizungusha kile kipande mtungini mara kadhaa, akafunika, akaenda zake. Baada ya muda maji ya juu yalikuwa meupe, na chini pamelala utando wa tope. Kata yake haikugusa chini hata siku moja. Na kila asubuhi, kila asubuhi, aliuinamisha mtungi akamwaga yale ya chini kwenye shina la mpapai.

Kituo kikubwa kinafanya vivyo hivyo. Shabu yake ni salfeti ya alumini. Ikiingia majini inageuka ute mwepesi wa hidroksidi ya alumini, ute unanasa chembe za udongo, chembe zinashikana kuwa madonge, madonge yanazama. Kiswahili nacho kina mchezo wake hapa: kutibua maji ni kuyavuruga, kutibu ni kuyaponya, na kinachotenganisha ni herufi moja. Kwa hiyo ule uchafu unaoonekana kwa macho, unaopimwa kwa NTU (kipimo cha ukungu wa maji: namba ikipanda, maji ni machafu zaidi), mimi nauita mtibuko.

Sasa hesabu, kwa kuwa bila hesabu mtu atauziwa mashine asiyoihitaji. Kila miligramu ya shabu inazaa takriban miligramu 0.44 za yabisi, yaani kitu kikavu kinachobaki ukiondoa maji yote. Kila NTU moja ya mtibuko hukadiriwa kuwa kama miligramu 1.5 za chembe kwa lita, ingawa kila mto una namba yake na ni lazima uipime mwenyewe. Chukua kituo cha mfano kinachosafisha mita za ujazo 10,000 kwa siku. Wakati wa kiangazi mto una NTU 20 na unatia shabu miligramu 25 kwa lita: utapata kilo 410 za yabisi kwa siku. Masika mto umepanda hadi NTU 600 na shabu imefika 70: sasa ni kilo 9,300 kwa siku. Mara 23 hivi, kwenye kituo kilekile, na wafanyakazi walewale.

Na hizo ni kilo kavu. Tope linapotoka chini ya tangi huwa yabisi ni asilimia 1 hivi, mengine yote maji. Kilo 410 zinakuwa mita za ujazo 41 za kitu kama uji mwepesi, na zile za masika zingekuwa 930, ila tope la masika lina udongo mwingi kuliko ute, hivyo hulala zito zaidi na ujazo wake unapungua kiasi. Tope la kiangazi ndilo jeuri. Lina ute mwingi zaidi; ukiliacha siku nzima bado linatikisika kama kanji.

Makosa ninayoyaona kwenye michoro ya ukarabati ni kuchukua wastani wa mwaka. Wastani hauji kituoni. Kinachokuja ni mto mwekundu usiku wa manane. Tena mtu wa pwani asidanganywe na mbingu ya kwake: Sabaki yetu ni ileile Athi ya huko juu, inakuwa Galana baada ya kukutana na Tsavo, na inaweza kushuka nyekundu kwa mvua iliyonyesha upande wa Nairobi huku Malindi jua linawaka na bahari imeingia rangi ya matofali.

Tulipoanza kukarabati kituo kile, walikuja watu na picha nzuri za mashine inayozungusha tope kwa kasi hadi maji yanatengana na yabisi. Mashine si mbaya. Lakini mimi nilikuwa nimetumia wiki mbili nikishinda kwenye valvu za kutolea tope, na nilijua kwamba mashine ile ingekula maji matupu. Valvu tatu kati ya sita zilikuwa zimeshikwa na kutu. Zilizobaki zilifunguliwa mara moja kwa zamu, kwa gurudumu la mkono, na zikaachwa wazi muda mrefu "ili tope litoke lote". Halitoki lote. Ukifungua valvu kwa nguvu na kwa muda mrefu, maji ya juu hutoboa tundu katikati ya tope na kushuka moja kwa moja. Unatazama bombani unaona dakika ya kwanza nyeusi, dakika ya pili kijivu, kuanzia ya tatu ni maji uliyokwisha kuyatilia dawa na kuyalipia umeme. Kuta za tope zimesimama pembeni pale pale, zinazeeka.

Na tope likizeeka chini ya maji linaoza. Hewa inakwisha, vijidudu vinaanza kazi, na manganizi iliyokuwa imenaswa ndani yake inayeyuka na kurudi majini. Haionekani. Inapita kwenye kichujio kama mgeni mwenye barua, inakutana na klorini, halafu polepole inageuka nyeusi ndani ya mabomba ya mji. Malalamiko ya kwanza tuliyapata kwa wafuaji: kanzu nyeupe za Ijumaa zilikuwa zikitoka na madoa ya kahawia. Maabara ilikuwa imehangaika na maji ya mtoni kwa mwezi mzima, kumbe ugonjwa ulikuwa chini ya tangi letu wenyewe.

Dawa yake ilikuwa ni desturi ya bibi: kidogo, na mara kwa mara. Tulibadilisha valvu zote, tukaziwekea mota na saa, zikawa zinafunguka dakika moja au mbili kila baada ya saa chache. Kwenye kila bomba tukatoboa koki ndogo ya sampuli. Mtu wa zamu anachukua lita moja kwenye silinda ya kioo, anaiacha nusu saa, anasoma tope limelala hadi mstari gani, anaandika kitabuni. Likiwa zito anaongeza muda, likiwa jepesi anapunguza. Kazi hii peke yake ilipunguza ujazo wa taka kiasi kwamba ile mashine ya picha nzuri haikununuliwa. Muuzaji hakufurahi.

Taka ya pili ni maji ya kuoshea vichujio, na hii ina tabia tofauti kabisa. Ni nyepesi, lakini inakuja kama ngumi. Kwenye kituo chetu cha mfano tuseme kuna vichujio 4, kila kimoja cha mita za mraba 20. Unapokiosha unasukuma maji kutoka chini kwenda juu kwa kasi ya mita 40 kwa saa, dakika 8. Ni mita za ujazo 107 ndani ya dakika 8, kasi inayokaribia mara mbili ya maji yote yanayoingia kituoni wakati huo. Ukiosha vyote vinne kwa siku, umetumia mita za ujazo 427 hivi, zaidi kidogo ya asilimia 4 ya kazi yako.

Kila meneja akiiona asilimia hiyo anataka airudishe mwanzoni isafishwe tena, na ana haki, maji ni pesa. Ila kurudisha kuna masharti. Ukiirudisha vilevile inavyokuja, kwa mkupuo, dozi ya shabu inapotea njia na matangi yanavurugika. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Kichujio kimekamata vimelea siku nzima, na sasa unavikusanya vyote kwenye maji machache na kuvirudisha mlangoni. Miongoni mwao yuko kriptosporidia, ambaye klorini ya kawaida haimwui. Mwaka 1993 kimelea huyo alipita kwenye vichujio vya mji wa Milwaukee, Marekani, na inakadiriwa watu 403,000 waliugua. Baadaye, mwaka 2001, Marekani ikatoa sheria kwamba maji ya kuoshea vichujio yakirudishwa sharti yapitie hatua zote za usafishaji upya, si kuingizwa katikati.

Sisi tulijenga tangi la kusawazisha lenye uwezo wa kumeza maosho mawili ya kufuatana, kwa sababu siku ya mto mchafu vichujio havipangi foleni. Pale maji yanatulia, tope linaenda kuungana na lile la matangi makubwa, na ya juu yanarudishwa mwanzo kabisa, kabla ya shabu, kwa pampu ndogo inayofanya kazi saa 24. Zile mita 427 zinakuwa 18 tu kwa saa. Na tukaweka kanuni: mtibuko wa maji yanayorudi ukipita kiwango tulichokiandika ukutani, pampu inazimwa na maji yanakwenda bwawani. Kanuni hiyo iliniletea ugomvi na watu wa mahesabu. Bado naiona sawa.

Kukausha sitakaa sana. Ulaya wanakamua tope kwa mashine kwa sababu jua lao ni la kubahatisha. Sisi tuna jua. Vitanda vya mchanga vyenye kokoto chini na mabomba yenye matundu, unamimina tope kina cha sentimita 30 hivi, maji mengine yanachujika chini, mengine unayatoa juu kwa mlango wa pembeni, mengine upepo unayachukua. Majira ya kaskazi tope linapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka na unalibeba kwa beleshi. Kilo zetu 410, zikifika asilimia 25 ya yabisi, hazizidi mita moja na nusu za ujazo kwa siku: mikokoteni, si malori. Udhaifu wa vitanda ni masika, ndipo ukahitaji bwawa la kuhifadhi tope hadi mvua ipite. Na kila ukibeba tope unabeba na mchanga kidogo, basi weka fungu la mchanga kwenye bajeti. Hili husahauliwa kila mara.

Mtoni je, haiwezekani tena? Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006, chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ziliruhusu miligramu 30 tu za chembe kwa lita katika maji yanayomwagwa kwenye mazingira. Tope la asilimia 1 lina miligramu 10,000. Wenye kupenda hoja ya "lakini udongo ulitoka mtoni" wanasahau kwamba shabu haikutoka mtoni.

Kilichotuchosha kuliko vyote hakikuwa kwenye mchoro wowote. Kituo cha zamani hakifungwi. Mji unakunywa huku unachimba. Unatoa tangi moja kazini, unalikarabati, unalirudisha, unakwenda la pili. Na mabomba ya ardhini hayafuati ramani. Tulikuwa na bomba la tope ambalo kwa mujibu wa karatasi lilikwenda mtoni, ila mtoni hatukuliona likitokea. Tukamimina rangi nyekundu ya majaribio juu, vijana wakajipanga bondeni kutazama. Saa moja baadaye mmoja akapiga simu akicheka: rangi imetokea katikati ya matuta ya mchicha, shambani kwa bibi mmoja jirani wa kituo. Bomba lilikuwa limepasuka miaka mingi.

Tulilifunga siku ileile. Wiki haikuisha, bibi akaja getini na fimbo yake. "Mwanangu, mbona mmenikatia maji?" Nikamkaribisha kiti, nikamweleza kwa adabu habari ya shabu, na kwamba tope lile hushika fosfati ya udongo mpaka mboga zikaikosa, na kwamba halijapimwa madini. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia mchicha wake ulikuwa ukimea vizuri kabla sijauletea NTU, na akauliza bomba jipya tutalipitishia wapi.