Ulichofanya ni kukopi, sio kukloni

Juzi tena nimeletewa laptopu haiwaki, mwenyewe anasema "mkuu nimeshakloni kila kitu, nadhani SSD niliyonunua ni mbovu". Nikaichomeka hiyo SSD, yaani diski yake mpya, kwenye mashine nyingine, ndani folda ya Windows ipo, picha zake zipo, zimekaa vizuri tu, ila kitu cha kuwashia mashine hakuna. Alikopi akapesti.

Kukloni diski ni kuihamisha yote kama ilivyo, mfumo endeshi, faili zako, patisheni zote (yaani vile vipande diski ilivyogawanywa) pamoja na zile zilizofichwa, ili diski mpya ikae pale pa zamani na mashine iwake bila kuinstoli kitu upya. Basi.

Neno lenyewe sasa. Kigiriki klōn ni kitawi. Mwaka 1903 Mmarekani mmoja wa mambo ya mimea, Herbert Webber, akalichukua akaliandika clon, bila e mwishoni, akimaanisha mimea inayotoka kwa mmea mmoja bila kupitia mbegu: unakata tawi, unalichomeka ardhini, linaota mti uleule. Watu wa kompyuta wamelikuta tayari. Sasa ukichuma majani yote ya mti ukayajaza kwenye gunia, ni ya mti uleule kweli, hakuna anayebisha, ila yapande uone kama yataota.

Ndo kukopi faili huko, unachukua unachokiona. Patisheni ya EFI, ambayo ndo mashine inaikimbilia ukibonyeza pawa, mara nyingi ni kama MB 100 tu, imefichwa, haina hata herufi kama C au D, sasa utaikopi saa ngapi? Halafu Windows ikiwa inatembea kuna faili imezishikilia, zile za rejista kwa mfano, pale Windows inapoweka mipangilio yake, ukitaka kuzikopi inakugomea, wewe unabonyeza ruka, inagoma tena, unaruka tena, mwisho mstari unafika asilimia 100 unajua mambo safi. Programu ya kukloni haiendi folda kwa folda, inasoma chini kabisa, bloku kwa bloku, na jedwali la patisheni linakuja humohumo. Hata namba ya utambulisho ya diski inaweza kuja vilevile (programu zingine huibadilisha), ndo maana ukimaliza ukaziacha zote mbili zimechomekwa Windows inaweza kuigomea moja.

Na wale wa "nakloni ili Windows iwe mpya", jamani, tawi la mti mgonjwa linaota mti mgonjwa. Kirusi kinahama, faili lililoharibika linahama, na zile programu kumi zinazojiwasha zenyewe asubuhi zinahama zote. Ukitaka usafi hapo unainstoli upya, halafu faili zako ndo unazikopi, na hapo neno kukopi liko mahali pake kabisa.

Kwa hiyo mkuu SSD yako ni nzima, ilimradi ile ya zamani hujaifuta tunairudisha tunakloni leoleo. Siku nyingine niambie tu "nimekopi faili zangu", wala sio kosa, na mimi nitajua nianzie wapi badala ya kuanza kupima diski isiyo na shida.