Simbi na kanzu: jinsi Zanzibar ilivyofika Buganda

Muganda akitaja fedha sokoni Nakasero, neno lake ni ensimbi. Kwa hiyo wanafunzi wakija makumbusho hapa Kampala, kabla sijasema lolote huwapa simbi moja waishike. Ni ganda la konokono wa baharini, halizidi ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Linang'aa kama kikombe cha kaure, na tumboni lina mpasuko wenye meno madogo pande zote mbili. Mgongoni limesagwa mpaka likatoboka, ili uzi upite. Kisha nawauliza: je, Nalubaale, ziwa letu, yaani Ziwa Viktoria, lina konokono wa namna hii? Halina hata mmoja. Huyu ni wa Bahari ya Hindi. Jina la fedha yetu limetoka kwenye bahari ambayo wengi waliolitamka hawakuwahi kuiona.

Naanza na ganda hili kwa makusudi. Bado nasikia wazazi wakisema Kiswahili ni lugha ya askari na wahuni, kwamba kilitoka kambini. Inaniuma, kwa sababu kabla serikali ya Mwingereza haijaweka askari hapa, Kiswahili kilikuwa kimekwisha keti barazani kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Kujua kilivyofika huko, lazima twende pwani kwanza.

Zanzibar ni visiwa viwili vikubwa, Unguja na Pemba, pamoja na vidogo vingi vinavyovizunguka. Unguja ina kilomita za mraba zipatazo 1,660 na Pemba zipatazo 980. Ziwa Viktoria lingevimeza vyote viwili mara 25. Mashariki ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye udongo mwembamba, mkulima hulima penye mifuko ya udongo kati ya mawe. Magharibi yake, na sehemu kubwa ya Pemba, udongo ni mzito na mvua ni nyingi, na huko ndiko ilikostawi mikarafuu.

Lakini dola haikujengwa na udongo. Ilijengwa na upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yakateremka nayo hadi Unguja. Katikati ya mwaka hugeuka ikawa kusi, na majahazi hayo yakarudi kwao. Nahodha aliyechelewa kuondoka alisubiri msimu mwingine, akapanga nyumba, pengine akaoa. Miezi hiyo ya kusubiri, ikirudiwa karne baada ya karne, ndiyo iliyokuza miji ya Waswahili. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi yenye tarehe ya mwaka 1107.

Wareno walikuja, Waomani wakawaondoa mwishoni mwa karne ya 17. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake kutoka Maskati hadi Unguja, na imekuwa desturi kutaja mwaka 1840. Alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombea urithi, na mwaka 1861 Zanzibar na Oman zikatenganishwa. Zanzibar ikawa usultani wake yenyewe: visiwa, ukanda wa pwani ya bara, na misafara iliyoingia bara kwa miezi mingi. Mwaka 1890 Uingereza iliifanya nchi lindwa. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili mwaka huohuo ikaungana na Tanganyika.

Sasa turudi kwetu. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Kazeh, yaani Tabora ya leo, ikageukia kaskazini hadi Karagwe, kisha ikaingia Buganda kwa upande wa magharibi wa ziwa. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Ssuuna II. Inasimuliwa kwamba alipoona watu wakipelekwa kuuawa kwa amri ya mfalme, alisimama barazani akasema watu wale wameumbwa na Mwenyezi Mungu. Badala ya kumuua, Ssuuna alitaka kujua zaidi habari za huyo Mungu.

Wageni hao walitaka pembe za ndovu. Walileta simbi, shanga na nguo, hasa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani, ambayo polepole ilianza kushindana na lubugo, nguo yetu ya gome la mti wa mutuba. Walileta na kanzu. Leo mwanamume akienda kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba, bila kanzu haonekani kuwa na adabu. Itazameni kwa karibu: shingoni, kifuani na mikononi kuna nakshi ya uzi mwekundu wa damu ya mzee, tunaiita omulela. Kanzu ya Unguja kwa kawaida hutariziwa kwa uzi mweupe, na huvaliwa na kofia ya viua. Buganda ililipokea vazi la pwani, ikalipa rangi yake.

Na neno kusoma. Waganda wa kwanza walioingia dini ngeni, Waislamu kwa Wakristo, waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Mpaka leo kwa Kiganda okusoma ni kusoma kitabu na pia ni kusali. Kabaka Mutesa I, mwana wa Ssuuna, alifunga Ramadhani kwa miaka kumi hivi kuanzia 1867. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1875 alimwachia Dallington Muftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, na mafundisho ya Biblia ikuluni yakaendeshwa kwa Kiswahili. Mmisionari Alexander Mackay naye alizungumza na Kabaka kwa lugha hiyohiyo.

Nisingekuwa mkweli nikiishia kwenye nguo na vitabu. Misafara hiyohiyo ilileta bunduki na baruti, ikaondoka na watu. Buganda iliteka majirani zake na kuwauza. Karafuu zilizotajirisha Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa. Soko la watumwa la Mji Mkongwe lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pamejengwa kanisa kuu la Anglikana. Mwanafunzi anayefundishwa habari za kanzu anastahili kufundishwa na haya.

Tangu mwaka 2005 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili.

Nyumba nyingi bado zina simbi za bibi, kwenye kikapu, kwenye mkufu, au ndani ya pembe ya mganga. Naomba msizisafishe kwa limau wala siki, kwa kuwa ganda ni chokaa na tindikali hulila mpaka likapoteza mng'ao. Msizifungie kwenye kasha la mbao lenye unyevunyevu, maana mvuke wa mbao nao huliharibu. Zifuteni kwa kitambaa laini kikavu, zifungeni kwa pamba safi, na mwandike kwenye karatasi nani alizitumia, wapi, na kwa shughuli gani. Kama uzi wa zamani bado upo, msiukate.