Je, wajua kwa nini mtu aliyekaribia kufa kwa sumu ya nyigu anadungwa sumu hiyohiyo ili apone?

Idd iliyopita tulikuwa tumekaa barazani hapa Bombo, Uganda, pilau imeisha, chai ya tangawizi inazunguka, binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Uingereza akasema hawezi kuongeza wiki hata moja maana ana sindano yake ya aleji inamngoja kule. Shangazi akauliza sindano ya dawa gani. Akajibu, "Sumu ya nyigu, shangazi." Watu wote kimya. Shangazi akaweka kikombe chini, "Yaani mdudu alitaka kukuua, alafu hao madaktari wanachukua sumu yake wanakudunga tena? Mwanangu, hao wanakupenda kweli?"

Swali la shangazi ni zuri sana na mi nimelibeba tangu siku ile, nikasoma, nikamuuliza binamu maswali mpaka akachoka, kwa hiyo naandika hapa nilichokielewa, maana huku kwetu nyuki na nyigu wako kila mahali na watu wengi hawajui kabisa kwamba matibabu ya namna hii yapo duniani.

Kwanza yaliyompata. Binamu amekulia hapahapa Bombo, utotoni ameumwa na nyuki mara nyingi tu, anavimba kidogo, anapakwa kitu, anarudi kucheza. Kule Uingereza anatunza wazee, siku moja ya joto akiwa bustanini na mzee wake nyigu akamuuma mkononi. Maumivu, basi. Mwaka uliofuata akaumwa tena na nyigu, safari hii shingoni, na hazikupita dakika kumi viganja vikaanza kuwasha, mwili mzima ukatoka mabaka, ulimi ukawa mzito, kifua kikabana, alafu macho yakaingia giza akaanguka. Waliokuja na ambulansi wakamchoma adrenalini pajani, ndiyo iliyomrudisha.

Sasa hapo kuna jambo watu wengi wanachanganya. Ukiumwa na nyuki ukavimba pale ulipoumwa, hata mkono wote ukavimba mpaka kwenye kiwiko na ukakaa hivyo siku mbili tatu, inauma na inatisha lakini siyo ile aleji ya kuua. Ya kuua inaonekana mbali na pale ulipoumwa: umeumwa mguuni lakini midomo inavimba, umeumwa shingoni lakini tumbo linakata na unatapika, unapumua kwa filimbi, presha inashuka unazimia. Hiyo inaitwa anafilaksia. Na kuna jambo la tatu, kuumwa na kundi zima la nyuki, mamia ya miiba kwa mara moja, hapo hata asiye na aleji anaweza kufa kwa wingi wa sumu yenyewe. Ni vitu vitatu tofauti.

Kwa nini mwili wa binamu ulifanya vile mara ya pili na siyo ya kwanza? Mara ya kwanza mwili ulikuwa unaandika jina la adui. Kinga ya mwili ikatengeneza askari wa aina inayoitwa IgE, maalum kwa sumu ya nyigu, na hao wakaenda kukaa juu ya seli zinazoitwa masti ambazo zimejaa kemikali kama histamini, zimetapakaa kwenye ngozi, kwenye njia ya hewa, kwenye utumbo, kila mahali. Wakakaa kimya mwaka mzima. Nyigu wa pili alipoingiza sumu IgE wakaishika, seli zikafunguka kwa pamoja zikamwaga kemikali zake, mishipa ya damu ikalegea, presha ikaanguka. Ndiyo maana ile hoja ya "mi nimeumwa mara nyingi sina shida" haina uhakika sana, kwani binamu naye alikuwa anaisema hiyohiyo. Hawa IgE wenyewe wamejulikana juzijuzi tu, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko ndio waliowatambua wakiwa Denver kule Marekani mwaka 1966, na watafiti wa Sweden wakawafikia kwa njia yao wenyewe karibu wakati uleule.

Lakini sindano zilianza kabla hata ya mtu kujua IgE ni nini! Mwaka 1911 daktari mmoja wa London, Leonard Noon, pale hospitali ya St Mary's, alichukua chavua, yaani ule unga wa maua ya majani, akaitengenezea maji ya sindano, akawa anawadunga watu wanaopiga chafya na kuwashwa macho kila msimu wa maua, anaanza na kidogo sana anapandisha polepole. Yeye alifikiri chavua ina sumu ndani yake na kwamba anatengeneza kinga dhidi ya sumu hiyo. Sababu aliikosea, njia akaipata. Akafariki miaka miwili tu baadaye, mwenzake John Freeman akaendeleza.

Kwa wadudu wanaouma hadithi yake inauma kidogo. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wanasaga mdudu mzima mzima, mabawa, miguu, tumbo, wanatengeneza sindano, wagonjwa wanadungwa na kuambiwa sasa mko salama. Mwaka 1978 watafiti wa chuo cha Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, wakaamua kupima kwa haki: kundi moja sumu tupu, kundi la pili mdudu aliyesagwa, kundi la tatu dawa bandia isiyo na kitu, kisha wakawaumisha na mdudu wa kweli hapohapo hospitalini, kila kitu cha kuokoa maisha kikiwa tayari. Waliopewa dawa bandia, 7 kati ya 12 walipata aleji ya mwili mzima. Waliopewa mdudu wa kusagwa, 7 kati ya 11. Waliopewa sumu tupu, mmoja tu kati ya 18. Yaani ile dawa iliyotumika miaka yote haikuwa na tofauti na maji. Mi hii namba ya 7 na 7 bado inanisumbua, nafikiria wale watu waliotembea mashambani kwa imani kwamba wamekingwa.

Baada ya hapo ikawa sumu tu. Ya nyuki inakusanywa kwa kuweka nyaya zenye umeme mdogo mlangoni mwa mzinga, nyuki wanakasirika wanadunga kioo, sumu inakauka pale inakwanguliwa. Ya nyigu ni kazi ngumu zaidi, inabidi vifuko vya sumu vitolewe kwenye mdudu mmoja mmoja.

Binamu alianza na kipimo kidogo mno ambacho ni sehemu ndogo sana ya kile mdudu anachoacha mwilini. Kila wiki anaenda kliniki ya hospitali, anadungwa juu ya mkono, chini ya ngozi tu siyo kwenye msuli, kisha anakaa hapo saa nzima wanamwangalia, kwingine ni nusu saa, na hiyo kukaa siyo mchezo, kwa sababu kama mwili utakataa mara nyingi utakataa ndani ya muda huo na adrenalini iko mezani. Wiki kama kumi na mbili hivi kipimo kinapanda mpaka kufika maikrogramu 100. Nyuki mmoja akiuma anaacha kama maikrogramu 50, kwa hiyo ni sawa na kuumwa na nyuki wawili kwa mpigo, na nyigu ndiyo anaacha kidogo kuliko nyuki, tena kwa mbali. Akishafika hapo anabaki palepale, sindano inakuwa kila wiki nne, baadaye kila wiki sita au nane, kwa miaka mitatu, wengine mitano.

Ananiambia mwanzoni mkono ulikuwa unavimba kama andazi na jioni anachoka kama mtu aliyelima. Wiki ya saba akatoka mabaka kifuani akiwa bado kwenye kiti, wakampa dawa, wiki iliyofuata wakamrudisha nyuma kipimo kimoja ndipo wakaendelea. Alilia siku hiyo, anasema hakulia kwa maumivu, alilia kwa sababu alifikiri imeshindikana.

Na ndani ya mwili kinachotokea ni hiki. Sumu ikija kwa vipimo vidogo, mara kwa mara, kwa njia ya ngozi, kuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza, zinaanza kuwaambia wenzao huyu si wa kupigana naye namna hiyo. Kisha mwili unatengeneza askari wa aina nyingine, IgG4, wengi sana, ambao wanaidaka sumu kabla haijawafikia wale IgE wakorofi. IgE wenyewe hawaondoki haraka, wanaweza kubaki kwa miaka, ila wanakosa kazi. Kwa nyigu zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanalindwa, kwa nyuki ni pungufu kidogo, kama 8 kati ya 10.

Pale barazani shemeji yetu anayefuga nyuki Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akacheka akasema, "Basi mi nadungwa bure kila nikirina asali." Na kwa kweli hakukosea! Wafugaji wanaoumwa sana wamepimwa wakakutwa na hao IgG4 kibao. Lakini akaendelea, akamwambia binamu, "Shemeji, njoo Koboko nikuzoeshe, nyuki mmoja leo, wawili kesho." Hapo nikaruka. Hapana, hapana kabisa. Nyuki wa kwenye mzinga hana kipimo, hujui ameacha sumu kiasi gani, anaanzia maikrogramu nyingi pale ambapo hospitali inaanzia chembe, na Koboko shambani hakuna mtu amesimama na adrenalini. Halafu mfugaji aliye hatarini zaidi ni yule anayeumwa mara chache chache kwa mwaka, siyo yule wa kila wiki, na ndugu wa mfugaji wanaoumwa mojamoja nyumbani nao wako hivyo. Na tena sumu ya nyigu na ya nyuki si moja. Binamu alipimwa akakutwa na aleji ya nyigu tu, sindano yake ni ya nyigu tu.

Kupima nako kuna mtego, hasa kwetu. Kipimo cha ngozi au cha damu kikisema ndiyo, maana yake mwili una IgE, haina maana wewe ni mgonjwa. Huku Uganda watafiti wa Entebbe wamefuatilia sana mambo ya aleji na minyoo, vijijini na visiwani, na watu wengi wanakutwa na IgE za vitu mbalimbali bila dalili yoyote. Sindano zinaanzia kwenye yaliyokupata, kipimo kinafuata.

Aleji nyingine je? Chavua, utitiri wa vumbi wale wadudu wasioonekana wa kwenye godoro, paka, hizo zina sindano zake na nyingine zina matone au vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Walipopimwa akina mama wa Entebbe, utitiri na mende ndio waliokuwa juu, kwa hiyo wewe unayepiga chafya kila asubuhi usiilaumu baridi tu, angalia godoro. Chakula hakina sindano ya namna hii, ila mwaka 2020 Marekani iliruhusu unga wa karanga wa kumeza kwa vipimo kwa watoto. Na mtu mwenye pumu isiyotulia hadungwi mpaka pumu itulizwe kwanza.

Mi nisingependa mtu asome hapa aone ni mambo ya Ulaya akafunga simu. Shemeji mwenyewe ana kijana aliyekuwa anamsaidia kwenye mizinga, akaumwa, akatoka mabaka na kubanwa kifua, duka la dawa la kwanza wakampa piritoni wakamwambia akalale. Alikaribia kufa njiani kwenye boda. Piritoni inatuliza kuwasha, haipandishi presha wala haifungui koo. Kinachofanya hivyo ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, mapema, na siyo dawa ya kifahari, iko kwenye orodha ya dawa muhimu za Uganda. Ukiumwa na nyuki ng'oa mwiba hapohapo kwa kucha, kwa kadi, kwa chochote, usitafute ufundi, maana kifuko kinaendelea kusukuma sumu kwa sekunde kadhaa, kisha ondoka mahali hapo kwa sababu ule mwiba unatoa harufu kama ya ndizi bogoya iliyoiva inayowaita wenzake. Ukiona mtu anatoka mabaka au anabanwa kifua, mlaze chini miguu juu, kama anapumua kwa shida mwache akae, asisimame asitembee, tafuta usafiri, na mkifika kituo sema neno adrenalini wewe mwenyewe.

Shangazi alisikiliza yote haya, akamvuta binamu akamshika mkono pale juu wanapodunga, akaukagua. Akauliza, "Zimebaki ngapi?" Binamu akahesabu, akasema kama kumi na moja hivi. Shangazi akasema basi kesho yake asubuhi na mapema anamfungia maandazi ya safari, asije akachelewa ndege.