Mkanda wa kaboni na kazi ya metali: dhana na ukweli

Mkanda wa kaboni ni molekuli ya pete za kaboni zilizoshikana ubavu kwa ubavu hadi zikafunga duara. Hizi ni dhana tatu kuhusu mkanda huo na metali zinazosaidia kuujenga.

Dhana: Metali ni pini inayobana ncha za pete zisifunguke.

Hii ndiyo niisikiayo zaidi, nayo huficha uzuri wote wa kemia hii. Metali haibani ncha. Kwa pete ndogo, hukaa juu ya uso wa pete na kushirikiana nayo elektroni.

Chukua saiklobutadaieni, pete ya kaboni nne. Elektroni zake nne za pai (zile zinazotandaa juu na chini ya uso wa pete) ni idadi isiyoipa utulivu hata kidogo; ikiachwa huru, molekuli zake huungana zenyewe kwa zenyewe papo hapo. Mwaka 1956 wanakemia Longuet-Higgins na Orgel walitabiri kwamba metali ingeituliza. Criegee alithibitisha kwa nikeli mwaka 1959. Mwaka 1965 kundi la Pettit, Texas, likaipachika kwenye atomi ya chuma iliyobeba monoksidi tatu za kaboni, nayo ikatulia kiasi cha kuhifadhika chupani. Oksidisha chuma hicho (yaani kinyang'anye elektroni) kwa seriamu, pete inaachiwa, na mara moja inadaka molekuli iliyo jirani. Kobalti nayo huweza kuituliza pete hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuzitia pete za kaboni nne ndani ya mkanda ana sababu nzuri ya kuanza na metali.

Dhana: Mkanda ni pete tu, kwa jina lingine.

Hapana. Pete ya benzeni zilizoungana kwa kifungo kimojakimoja, kama ile ya wanakemia Jasti na Bertozzi ya mwaka 2008, hufunguka ukikata kifungo kimoja. Mkanda hauachii mpaka ukate angalau viwili. Wala haukunjwi kutoka karatasi ya grafini (utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja): ule wa Nagoya, Japani, wa mwaka 2017, wenye benzeni 12 zilizoshikana ubavu kwa ubavu (C48H24), ulijengwa kipande kwa kipande.

Dhana: Metali ikishaingia, haitoki.

Inategemea kazi yake. Huko Nagoya nikeli ilifunga vifungo vya mwisho ikaondoka. Mwaka 2010 mwanakemia Yamago, akijenga pete ya benzeni, alitumia atomi nne za platini kama pembe za mraba. Platini hukubali pembe ya nyuzi 90 bila taabu, hivyo umbo lililofungika lilipatikana kabla mkazo wa kupindwa kwa benzeni haujaanza. Kisha bromini ikazitoa platini, benzeni nane zikashikana zenyewe, na ni hapo tu pete ilipoanza kuubeba mkazo wake.