Kinachozuia Tui Kukatika: Emulsifaya katika Chakula na Virutubisho

Anayepika kwa nazi hutia tui zito mwishoni, akapunguza moto na kukoroga bila kuacha. Tui likichemka kwa nguvu hukatika: mafuta yanaelea juu, chini yanabaki maji yenye chengachenga nyeupe. Kila tone la mafuta ndani ya tui limevikwa utando wa protini ya nazi yenyewe, na protini hiyo huganda joto linapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Utando ukiharibika, matone huungana na kujitenga na maji.

Protini hiyo inafanya kazi ya emulsifaya. Emulsifaya ni kitu chenye upande unaoshika maji na upande unaoshika mafuta, hivyo hukaa mpakani na kuvizuia visiachane. Lesithini iliyo kwenye kiini cha yai (E322, yaani namba inayoitambulisha nyongeza hiyo kwenye lebo za chakula) hufanya vivyo hivyo katika mayonezi, mradi mafuta yatiwe tone kwa tone mwanzoni. Ukiyamimina kwa pupa, lesithini haiwahi kuyafunika. Mayonezi yakikatika, weka kiini kipya kwenye bakuli safi, kisha ongeza mchanganyiko ulioharibika kidogo kidogo huku ukipiga.

Tui la kopo hupitishwa kwenye joto kali ili kuua vijidudu, joto ambalo protini ya nazi haiwezi kulihimili. Ndiyo sababu viwanda vingi huongeza polisobeti 60 (E435), emulsifaya ya kutengenezwa kiwandani, au kaboksimethiliselulosi (E466) ambayo hasa hulifanya tui liwe zito. Kopo lisilo na nyongeza hizi likitengana halijaharibika, koroga tu. Lililovimba ndilo la kutupa.

Je, ni salama? Jibu haliwezi kuwa moja kwa zote. Kwa lesithini, wataalamu wa Ulaya hawakuona haja ya kuweka kikomo cha kila siku. Polisobeti zina kikomo: miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani miligramu 1,500 kwa mtu wa kilo 60, lakini 375 tu kwa mtoto wa kilo 15. Ndiyo maana mtoto anayeshinda na keki, aiskrimu na biskuti za viwandani hukikaribia kikomo haraka kuliko mzazi wake.

Swali zito zaidi liko kwenye utumbo. Mwaka 2015 watafiti waliwapa panya polisobeti 80, ndugu ya polisobeti 60, na E466. Ute unaolinda ukuta wa utumbo ukapungua, na bakteria wakasogea karibu na ukuta. Jaribio dogo la watu 16 wenye afya lililochapishwa baadaye liliwapa baadhi yao gramu 15 za E466 kila siku kwa siku 11. Aina za bakteria zilipungua, na waliotumia walilalamikia zaidi tumbo baada ya kula. Gramu 15 ni nyingi kuliko wanavyokula watu wengi, na siku 11 ni chache, kwa hiyo hatuwezi kusema E466 huleta ugonjwa. Lakini mwenye vidonda vya utumbo mpana au ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa muda mrefu wa utumbo) ana sababu nzuri ya kuzungumza na daktari wake kuhusu kupunguza emulsifaya hizi.

Kwenye virutubisho, emulsifaya huziwezesha vitamini A, D, E na K, ambazo huyeyuka kwenye mafuta, kuchanganyika na maji ya dawa ya matone. Kiasi chake ndani ya dozi moja huwa kidogo. Hatari kubwa ni ya vitamini yenyewe: A na D hulimbikizwa mwilini, kwa hiyo pima kwa kipimo kilichokuja na chupa, si kwa kijiko cha chai.

Mwenye mzio wa soya asome vizuri neno lesithini kwenye lebo, maana mara nyingi hutokana na soya, ingawa ipo pia ya alizeti. Na anayezingatia halali aangalie E471, emulsifaya nyingine: hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, na namba peke yake haisemi ni yapi. Tafuta alama ya halali au maelezo kwamba imetokana na mimea. Visipokuwepo, muulize mtengenezaji.